Kilo za Shangazi Tatu, Kariakoo hadi Kilwa Masoko

Kila aliyeniona nikichechemea wiki hii ameniuliza ilikuwaje, na kila mmoja nimempa kipande chake. Wa kwanza nilimwambia ni mchanga, wa pili nikamwambia ni tairi, wa tatu nikamwambia "kawaida tu, safari." Sikumdanganya hata mmoja, ila kiini chenyewe nilikiruka kwa sababu kinanitia aibu. Nimeona bora niandike yote mara moja, mtumiane wenyewe. Habari za leseni, bima na kubadilisha oili nazipita.

Kwa wasionijua vizuri: mimi ni Sefu, natengeneza pikipiki uani kwa shangazi yangu, Kariakoo. Ufundi sikusomea popote. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, kwa kitabu cha pikipiki ambacho nusu ya kurasa zake hazipo, na kwa kufungua shokapu zilezile mara nne mpaka zikaacha kuvuja. Kitu kisipokaa sawa hata chakula hakinipiti. Nina geji mbili za kupimia upepo na haziafikiani, moja inaizidi nyingine kwa mbili, na mnaoijua tabia yangu mnajua nimeteseka kiasi gani na hiyo mbili.

Uani kwenyewe ni tatizo. Mteja akitaka kunifikia anavuka ukumbi, anainama chini ya nguo zilizoanikwa, anaruka ndoo. Baraza ya mbele ndiyo inayotazama mtaa. Hapo Shangazi Tatu alikaa na cherehani yake zaidi ya miaka ishirini, mpaka macho yakamkataa uzi. Sasa baraza iko tupu na tunaoitaka ni wawili: mimi, na binamu yangu Kassim, anayeuza kava za simu na ambaye tayari ana kabati la kioo. Mimi nina mikono michafu.

Shangazi alitusikiliza siku moja, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi.

"Kabati la Kassim naliona," akasema. "Kazi yako wewe, Sefu, siioni. Iko ndani ya vyuma huko. Sasa mjukuu wa dada yangu anaolewa Kilwa Masoko. Utanipeleka kwa pikipiki yako na utanirudisha. Nikirudi nimeridhika, baraza yako. Nisiporidhika, Kassim alete kabati."

Kassim alicheka mpaka akakaa chini.

Kariakoo hadi Mbagala

Pikipiki yenyewe ni ya Kijapani, imenizidi umri, ndefu, ile aina waliyokuwa wakipanda mabwana shamba zamani. Shokapu zake za mbele zina kitu ambacho pikipiki za bodaboda hazina: juu ya kila mguu kuna mdomo mdogo wa kujazia upepo, kama wa tairi. Springi ya ndani inabeba, na upepo unaisaidia. Ukiujaza sana, mbele kunakuwa kugumu na kunanyanyuka. Ukiupunguza sana, kunazama kila ukishika breki. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno, na miguu yote miwili lazima ilingane. Kwa mtu mwenye wasiwasi kama mimi, kulinganisha vidomo viwili ni kazi ya asubuhi nzima.

Kitabu kina jedwali, na bahati nzuri ukurasa huo haujachanika. Unatafuta uzito wa dereva, wa abiria na wa mzigo, kisha unasoma upepo wa tairi la mbele, la nyuma na wa shokapu. Uzito wangu naujua, kilo hamsini na nane. Hapa ndipo kosa langu lilipo, nalisema mapema msije mkadhani nalificha: uzito wa shangazi sikumwuliza.

Ningemwulizaje? Ni dada mkubwa wa baba yangu. Kanilea tangu niko darasa la pili. Mtoto aliyekulia nyumba ile hawezi kumsimamia shangazi yake na kalamu akamwambia, "Una kilo ngapi?" Nilifika mpaka mlangoni kwake na daftari. Akaniuliza nataka nini. Nikasema nilitaka kujua kama atahitaji maji ya njiani. Nikarudi uani nikaandika: abiria, kilo sitini na tano.

Nilijua si kweli. Ile sitini na tano niliiandika kwa heshima tu, halafu nikaipigia hesabu kama vile imetoka mbinguni. Tairi la nyuma ishirini na tano, la mbele ishirini na moja, shokapu sita kila upande. Nilipima mara saba.

Mwisho nikatia chaki mfukoni. Ni mbinu niliyojaribu kwa kuzunguka Mnazi Mmoja: unachora mstari mpana juu ya tairi, toka ukingo huu hadi ule, ukivuka kashata zote, vile vipande vya mpira vilivyokatwa juu ya tairi, kisha unaendesha hatua kama mia mbili na kuangalia. Chaki inafutika pale tairi linapogusa barabara. Ikifutika katikati tu, upepo umezidi na tairi litalika katikati. Ikifutika kando tu, upepo haukutosha, na tairi litalika mabegani huku likichemka. Ikifutika sawasawa, endelea na safari.

Asubuhi Shangazi alitoka na dera, chini yake suruali ya marehemu mumewe, mtandio ukiwa ndani ya helmeti.

"Nakaa upande," akasema.

"Shangazi, naomba ukae mguu huku, mguu huku."

"Kama mwanamume?"

"Kama abiria. Ukikaa upande pikipiki inalalia upande."

"Sasa unadhani suruali ya mjomba wako nimeivaa kwa ajili ya picha? Nilitaka tu nisikie utaniambiaje."

Alikuwa na begi moja, na kikapu kilichofungwa kwa kanga mpaka juu. "Vya bibi harusi," akasema, na mtu hafungui vya bibi harusi. Nilipokinyanyua kilinivuta bega. Nikaandika: mzigo, kilo kumi.

Matuta ya barabara ya Kilwa yalianza kunisema mapema. Kila tuta nyuma kuligonga chini, mbele kukainuka. Pale Mbagala kwenye foleni kijana wa bodaboda akasimama pembeni yangu, akaangalia tairi la nyuma lilivyobonyea.

"Kaka, hilo kontena umelitoa bandarini leo?"

Kabla sijafumbua mdomo, sauti ikatoka nyuma yangu: "Kampakia shangazi yake. Wewe wako umempakia lini?"

Kijana akashika kifua. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nenda kamtembelee."

Mbagala hadi Kibiti

Baada ya Mkuranga barabara ikawa tupu na nzuri, na mimi nikawa na hali mbaya. Usukani ulikuwa mwepesi. Siyo mwepesi wa kufurahisha. Mwepesi kama mlango uliochomoka bawaba. Kwenye kona nilikuwa naelekeza pikipiki kushoto, inafikiri kidogo, kisha inakwenda kwa kujivuta na kutoka nje zaidi ya nilipotaka. Gari kubwa likitupita, mbele kunatikisika kichwa.

Shangazi hakujua. Alikuwa ananisimulia sikioni habari za harusi ya mwaka fulani ambapo pilau ilimwagika. Nilikuwa naitikia "ehe," huku mikono imenitoka jasho ndani ya glovu.

Kibiti tulisimama kunywa chai. Chapati mbili mbili, maharage ya nazi. Shangazi akala vizuri. Mimi nilichovya tu. Nikatoka kuangalia chaki niliyoichora tulipoingia mji, kabla ya kuendesha na Shangazi mpaka mgahawani. Tairi la nyuma: kando zote mbili chaki imekwisha, katikati mstari mweupe umebaki kama ulivyo. Nikashika mpira. Ulikuwa wa moto, kiganja hakikuweza kukaa juu yake.

Chaki ilikuwa inasema upepo hautoshi. Nikatoa geji. Geji ikasoma thelathini na moja.

Naomba mnielewe nilivyochanganyikiwa. Nilitoka nyumbani na ishirini na tano. Kwa hesabu zangu ilikuwa imezidi kwa sita. Chaki inaniambia ongeza, geji inaniambia punguza. Na mimi ni mtu wa namba.

Jirani na mgahawa kulikuwa na fundi wa pancha, mtu mzima kidogo, anaitwa Maulidi, kavaa kandambili. Alikuwa ananitazama muda wote. Akaja, akachukua spana yake akaligonga tairi mara mbili, akasikiliza.

"Dogo, tairi hili linachemka kwa sababu linajikunja. Limezidiwa. Tia upepo."

"Geji inasema thelathini na moja."

"Hiyo geji inapima joto. Muda huu hata mimi ukinipima nimezidi." Wenzake wawili waliokaa kwenye benchi wakacheka. "Unabeba kilo ngapi?"

"Zote kwa pamoja mia na thelathini na tatu."

Maulidi akamwangalia Shangazi, aliyekuwa anaagiza chapati ya tatu. Akaniangalia mimi. Akamwangalia tena. Nilimwomba kwa macho asiseme neno, na kwa kweli hakusema. Naye ana shangazi.

"Haya," akasema taratibu. "Basi angalau hizo shokapu nikujazie kwa mashine." Akavuta mpira wa kompresa.

"Usiguse!" Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. Mashine ile inajaza tairi la lori. Ingefumua sili za shokapu, ile mipira ya kuziba, kwa sekunde moja. Lakini yeye alidhani namwogopa asiniibie kitu. Uso ukambadilika. Ilinibidi nimwoneshe pampu yangu ndogo ya mkono, nimweleze kwamba ndani mle pana nafasi ndogo kuliko kikombe, na kwamba hata kuchomoa geji tu kunapoteza upepo. Akaangalia vile vidomo kwa muda. "Mimi miaka yote hii sijawahi kuona," akasema, na tukapeana mikono. Bado nikaondoka nimejiona mtu mbaya.

Na sasa kosa la pili, mtoto wa lile la kwanza. Sikumsikiliza. Nililitoa upepo tairi la nyuma, likiwa la moto vilevile, mpaka ishirini na tano. Halafu, kwa kuwa mbele kulikuwa kunatikisika, nikaamua shokapu zimelegea, nikaongeza toka sita mpaka kumi. Nilihangaika na kila kitu kinachohesabika, isipokuwa ile namba moja niliyoitunga mwenyewe.

Shangazi akatoka akijifuta mikono. "Tayari?"

"Tayari, shangazi."

Kibiti hadi mchepuko wa mchanga

Darajani Rufiji alitaka nipunguze mwendo aone maji. Nilipunguza kwa furaha, maana juu ya mwendo wa baiskeli sikuwa najiamini tena. Akasoma dua yake, akaniambia mto ni mkubwa kuliko alivyoukumbuka. Nikasema ehe.

Karibu na Somanga kipande cha barabara kilikuwa kinajengwa, magari yanashushwa pembeni kwenye mchepuko wa vumbi na mchanga. Nyuma kulikuwa kumezama, mbele kumepanda juu na kumekaza kama fimbo. Tairi la mbele lilikuwa linaugusa tu mchanga, haliushiki. Nikakata kona ndogo kulia. Usukani ukageuka, pikipiki ikaendelea mbele. Nikajua tunaanguka, na tulianguka polepole sana, nikapata hata muda wa kusema, "Shangazi, samahani."

Yeye alitua kwenye mchanga laini, kwa kukaa. Mimi goti lilikutana na kokoto. Wanaume wawili waliokuwa wakipakia magunia ya ufuta kwenye lori pembeni wakaja mbio, wakainua pikipiki kama si kitu. Kanga ya kikapu ilikuwa imefunguka. Kikatoka kinu. Kinu kizima cha mti mzito, na mchi wake, kikabingirika mpaka miguuni kwangu.

Nikakiangalia. Nikamwangalia Shangazi.

"Bibi harusi ataponda na nini?" akasema, huku anajikung'uta. Halafu akatazama barabara. "Sefu. Mimi nitapanda basi hapo mbele. Wewe nifuate taratibu."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Kichwani nilimwona Kassim na kabati lake, nikajiona mimi naruka ndoo uani miaka kumi mingine, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mtu huyu alikuwa amekaa nyuma yangu toka asubuhi akinisimulia habari za pilau bila hofu yoyote, na sasa alikuwa anaiangalia pikipiki kama mbwa asiyemfahamu.

Somanga, ghalani

Tulijikokota kwa miguu, mimi nikisukuma, mpaka ghala la ufuta lililokuwa karibu. Ulikuwa msimu, na mbele ya ghala palikuwa na magunia na mizani ya chini, ile ya bapa la chuma. Karani wake, dada mmoja mwenye kalamu sikioni, akatupa benchi na maji. Mwanamke wa jirani akatuletea changu wa kukaanga na ndimu bila kutuuliza kama tuna njaa.

Pale nikasema. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ulikuwa uchovu. Nilimfungulia Shangazi daftari.

"Pikipiki haina kosa. Kosa ni langu. Kila kitu hapa nimekipima mara saba, ila hii." Nikaweka kidole. "Hii niliandika tu."

Akalisogeza daftari mbali, halafu karibu, akitafuta pa kusoma. "Sitini na tano. Nani huyu?"

"Wewe, shangazi."

"Mimi?" Akamgeukia karani. "Mwanangu, hebu nitazame. Mimi ni kilo sitini na tano?"

Karani alikuwa na akili. "Mimi napima ufuta tu, mama."

Shangazi akacheka kwanza, kisha kicheko kikakatika. "Hukuniuliza kwa nini?"

"Niliona haya. Sikutaka kukukosea adabu."

"Sefu, mimi nimekaa barazani pale miaka zaidi ya ishirini na futi shingoni. Nimepima viuno vya watu wazima, nimepima matumbo ya mashehe, nimepima kifua cha mama mkwe wangu mwenyewe. Ningeona haya, mtaa mzima ungevaa magunia. Unamwambia mtu 'samahani, nyoosha mikono,' unapima, unaandika. Hiyo ndiyo adabu ya fundi. Ukimkadiria mteja kwa heshima, nguo inampasukia msikitini." Akavua viatu. "Mama ufuta, tunaomba mizani yako."

Akapanda. Wapakiaji wakaacha kupakia. Mimi nikainamisha kichwa.

"Tazama hapa," akasema. "Soma wewe. Kwa sauti."

"Tisini na moja."

"Andika."

Nikaandika. Akapanda tena na begi, kikapu, kinu na mchi. Mzigo peke yake kilo ishirini na nane.

"Na mimi nilikuficha kinu," akasema akishuka. "Nilijua ukikiona utasema kibaki. Basi tumedanganyana wote wawili. Sasa fanya hesabu yako."

Jedwali lilinijibu mara moja, kama vile lilikuwa linanisubiri toka Kariakoo. Nyuma thelathini na tatu, ukiwa umepoa. Mbele ishirini na tatu. Shokapu tano kila upande, siyo kumi, maana mzigo mzito wa nyuma wenyewe tayari unainua mbele. Niliposoma nikaelewa Maulidi alikuwa anasema nini: tairi lililoanza na upepo mdogo linajikunja kila mzunguko, linachemka, na joto ndilo linalopandisha geji. Kupanda kwa sita kulikuwa kilio, mimi nikakisikia kama shibe.

Tulingoja tairi lipoe. Tukala changu wawili, tukamaliza. Kupima shokapu kunataka gurudumu la mbele liwe hewani, miguu imenyooka, na sikuwa na stendi. Wapakiaji wakanipa gogo la kuweka chini ya injini, lakini mbele kulikuwa bado kunagusa.

"Niende nyuma nikae?" akauliza Shangazi.

Akakaa kwenye kiti, mwisho kabisa. Gurudumu la mbele likaelea juu, zuri, likawa linazunguka lenyewe.

"Kumbe kilo zina kazi," akasema, na wapakiaji wakapiga makofi.

Nikatoa upepo, nikajaza, nikalinganisha. Tano na tano. Ninavyojijua ningepima mara saba. Nilipima mara mbili.

Basi la Kilwa likapita, likapunguza mwendo, konda akaning'inia mlangoni akitutazama. Nilifunga kikapu, nikasimama kando ya pikipiki nikitazama chini. Nikasikia helmeti ikibofya.

"Mpaka Nangurukuru tu," akasema. "Hapo nitaamua upya."

Somanga hadi Kilwa Masoko

Kipande hiki ni kifupi kusimulia, kwa sababu hakuna kilichotokea, na mimi nilikuwa naombea hasa kitu cha namna hiyo.

Usukani ulirudi mikononi. Nikielekeza, inakwenda. Kwenye mashimo shokapu zikawa zinashuka na kupanda bila kelele. Palipokuwa na mchepuko mwingine nikahisi vidole vya Shangazi vikiniingia mbavuni. Tukavuka, tairi la mbele likichimba na kushika, na vidole vikaachia kimoja kimoja. Nangurukuru tukakunja kushoto. Nilipunguza mwendo kwenye kituo cha mabasi, nikangoja.

"Unasimama nini?" akasema. "Nilikuwa nakwambia, ile pilau sasa, unajua nani aliimwaga?"

Harusi sitaisimulia. Kinu kilipokelewa kwa vigelegele. Niliulizwa na watu wapatao kumi kuhusu goti, na kila mara Shangazi aliwahi kujibu: "Alikuwa anajifunza kuuliza."

Kilwa Masoko hadi Kariakoo

Siku ya kurudi, tulipokaribia Somanga, akanigonga bega. "Simama kwa mama ufuta. Nimekula harusi siku tatu."

Karani alituona akasogeza gunia mwenyewe. Tisini na mbili. Mzigo umepungua, maana kinu kimebaki, ingawa kulikuwa na halua na korosho. Nikapunguza upepo wa nyuma kwa mbili, nikachora chaki, tukaendesha kidogo. Ilifutika toka ukingo hadi ukingo, sawasawa. Nilikaa nimechuchumaa nikiliangalia lile tairi mpaka Shangazi akaniuliza kama nataka kulioa.

Kibiti nilimtafuta Maulidi. Nilimwonesha daftari, ile namba iliyokatwa na ile iliyoandikwa juu yake. Akaliangalia tairi, akapitisha kidole kwenye mabega yake, mahali kashata zilipolika kwa safari ile moja ya kwenda: kama limetumika miezi. "Hili halirudi," akasema, "lakini halitaendelea kulika." Kisha akaniomba nimwoneshe tena vile vidomo vya shokapu, na safari hii alikuja na karatasi.

Tuliingia Kariakoo mchana, jua kali, mikokoteni kila upande. Kassim alikuwa barazani. Alishaleta kabati, "la kujaribia tu," kioo kinang'aa. Shangazi akashuka, akanyoosha mgongo, akamsalimia, akaingia ndani kulala. Habari ya baraza hakuitaja siku hiyo, wala siku ya pili. Nilifungua shokapu ambazo hazikuwa na tatizo lolote, nikazifunga. Nilijiambia ameanguka na wewe, Sefu, mtu mzima umemkalisha kwenye mchanga mbele ya wapakiaji, unataka aseme nini? Nikajiambia uani nako si kubaya, ndoo nitaihamisha.

Asubuhi ya tatu nilisikia kitu kizito kikiburutwa ukumbini. Nikatoka. Kabati la Kassim lilikuwa limesogezwa mpaka kwenye dirisha dogo la pembeni, na Kassim mwenyewe alikuwa anapanga kava, kanuna kidogo, siyo sana. Katikati ya baraza, pale ilipokuwa ikikaa cherehani, palikuwa na mizani ya chini, iliyotumika, rangi imebabuka, bapa la chuma limenyooka.

Shangazi Tatu alikuwa amesimama juu yake, kavua viatu. Mtaa wote ulikuwa unapita: wauza maji, wabeba mizigo, wanawake na vikapu vyao.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Haya, fundi," akasema, akinyoosha mikono pembeni kama mtu anayepimwa gauni. "Niulize."

Mwuza maji alishasimama kuangalia.

"Shangazi," nikasema, kwa sauti ya kufika barabarani, "una kilo ngapi?"